Mapokezi ya Mfupa

Muuza mkaa wa pale kona anasema seremala alisimama peke yake. Anasema alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, akaona kwa macho yake mawili plasta ikipasuka yenyewe kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, kama ganda la yai, na mwanga ukatoka kwenye kile kioo chenye mfupa wa mtakatifu ukampiga seremala kifuani. Ukinunua mkaa wa kopo moja, mwanga huo ni mweupe na mambo yanaishia hapo. Ukinunua gunia, mwanga una rangi tatu, kuna harufu ya maua, na seremala anatembea mpaka mlangoni na kurudi.

Ukweli ni kwamba muuza mkaa alikuwa nyuma ya nguzo ya nne ya kanisa, amewapa watu mgongo, anatafuta kandambili yake moja iliyopotea kwenye msukumano. Lakini yeye si mwongo kupita wenzake. Mtaa mzima uliona hivyo hivyo, kila mtu akiwa nyuma ya nguzo yake.

Jambo lenyewe lilianza Jumamosi ya wiki iliyotangulia, parokia ilipokuwa inajiandaa kupokea masalia. Masalia hayo yalikuwa kipande cha mfupa wa mguu wa mtakatifu msimamizi wao, yule ambaye watesi walimvunja miguu zamani sana katika nchi ya mbali. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Kiliwekwa ndani ya kioo, kioo ndani ya dhahabu, dhahabu ndani ya sanduku, sanduku ndani ya gari lenye kiyoyozi. Kilikuwa kinazungushwa parokia kwa parokia, na hakuna parokia iliyotaka kupitwa na iliyotangulia. Parokia ya jirani walikuwa wamefunga vitambaa vyeupe nje, hadi kwenye mnara. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi akaamua vyake vitavuka dari lote kwa ndani.

Mwenyekiti huyu zamani alikuwa karani wa posta, na mpaka leo anaongea na watu kana kwamba wako upande wa pili wa dirisha. Alimwita seremala apande, kwa sababu seremala hakuwa mtu wa kukataa. Ngazi ilikuwa ya kanisa. Ilikosa mti mmoja wa kukanyagia, na mwingine ulikuwa umefungwa kwa kamba. Seremala alisema apewe nusu saa tu aweke miti mipya. Mwenyekiti akamjibu kwamba muda hakuna, na kwamba anapanda kutundika kitambaa, haendi kuhamia huko juu.

Alianguka pale penye kamba. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti, kwa mlio ambao akina mama waliokuwa wanasugua vinara vya mishumaa waliusikia mpaka sakristia. Mwenyekiti alifika mbio, akatazama juu kuona kama kitambaa kimechanika. Hakikuchanika. Akamshukuru Mungu kwa sauti.

Gari la parokia lilikuwa limepelekwa kuoshwa kwa ajili ya mgeni, kwa hiyo mke wa seremala akaenda kuazima mkokoteni kwa muuza mkaa. Mwanamke huyu anafua nguo za watu pale pale nyumbani, na siku hiyo alimfikisha mumewe hospitali akiwa mweusi tii kwa vumbi la mkaa, huku wauguzi wakiuliza huyu mtu anakaa wapi kwani. Daktari wa mifupa, mama mfupi mwenye sauti ya kuchoka, alimnyoosha mguu, akamfunga plasta toka pajani hadi vidoleni. Alieleza taratibu, kama anayesomea mtoto. Mfupa umekatika vipande viwili, lakini umelala vizuri. Wiki sita asikanyage. Akikanyaga utahama, na ukihama, kazi ya kusimama mbele ya ubao kutwa nzima na randa mkononi aisahau.

"Umenielewa?" akamuuliza mke, si mume.

Mke alielewa. Asikanyage ndilo neno alilorudi nalo nyumbani, na ndilo alilokuwa analirudia kila mama mkwe wake alipofungua mdomo.

*

Siku ya tatu kamati ilikuja kumjulia hali mgonjwa. Waliingia watu sita kwenye chumba cha watu watatu, na mke wa seremala akalazimika kutoa nje mabeseni na nguo za watu, nusu zimefuliwa, nusu bado, ili wageni wapate pa kuweka miguu. Walileta mshumaa mmoja na nusu kilo ya sukari. Mwenyekiti alikalia kiti kilichokuwepo, akatoa funguo mfukoni, akaigonga plasta mara mbili kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Imekauka vizuri," akasema.

Halafu akaeleza kilichowaleta. Shida haikuwa mguu, shida ilikuwa maneno. Watu walikuwa wameanza kusema mtakatifu hata hajafika ameshavunja mtu, tena mtakatifu wa miguu. Parokia ya jirani walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kamati imekaa, ikaona njia. Jumapili, seremala atakuwa wa kwanza kwenye mstari wa wagonjwa. Wengine watakuwepo, yupo kipofu mmoja na mama mwenye kifua, lakini kipofu watu wamemzoea na kifua hakionekani. Mguu unaonekana.

Mke wa seremala akasema daktari kakataza kukanyaga.

"Nani kamwambia akanyage, shemeji? Atabebwa kwenye kiti kama mfalme."

Akauliza basi kama gari la parokia linaweza kumpeleka kliniki Ijumaa, maana daktari alitaka kuangalia vidole. Mwenyekiti alisikitika sana. Ratiba ya gari ilikuwa imejaa, Ijumaa linakwenda kupima njia ya maandamano. Wanakamati wote wakasikitika naye, wakatikisa vichwa kwa pamoja, mmoja akiwa na sukari ya chai ya mwenye nyumba bado mdomoni.

Mama mzazi wa seremala alikuwa kitandani pembeni ya mwanawe, analia kwa furaha. Huyu mtaani wanamwita Bibi Novena, kwa sala zake za siku tisa tisa, na jina hilo analipenda. Alimwambia mkwewe kwamba kuna watu wanaomba kugusa kitu kama hicho miaka arobaini na wanakufa hawajagusa, na sasa kimeletwa mpaka mlangoni, halafu mtu anakaa kuhesabu maneno ya daktari. Mke akamjibu taratibu kwamba kilicholetwa mlangoni ni mshumaa na sukari. Bibi hakusema naye tena mpaka kesho yake.

Seremala mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Hakuwa mtu wa dini kupita kiasi, lakini asubuhi ile wateja wawili walikuwa wamekuja kuchukua mbao zao, mmoja na milango yake ambayo haijakamilika, wakisema pole na kukwepa macho yake. Kama punje ya mfupa inaweza kupunguza wiki sita zikawa mbili, alijiambia, kukaa kwenye kiti kanisani kunampunguzia nini? Akawaza hivyo, akanyamaza, na kamati ikahesabu kwamba amekubali.

*

Aliyeanza kuandika ni Bibi. Alichukua kalamu akaandika kwenye plasta, karibu na goti, jina la marehemu mumewe, apumzike kwa amani. Alisema mguu huu unakwenda mbele ya mtakatifu, na kitakachoandikwa juu yake kitafika nao. Neno hilo lilitoka nje ya mlango likapita mtaa mzima kabla ya chai kuiva.

Muuza mkaa akaja, akaandika mvua isinyeshe kwenye stoo yake. Fundi viatu akaandika kazi ya serikali kwa binti yake. Mwingine akaomba mume arudi, na chini yake mwingine akaomba mume yule yule asirudi. Mpangaji wa nyumba ya nyuma aliomba mwenye nyumba apate kiharusi, kidogo tu. Wanawake wawili waligombania nafasi iliyobaki juu ya kifundo mpaka wakaitana majina, na mmoja akaandika ombi lake kwa herufi kubwa ili kumbana mwenzake.

Mke wa seremala alikuwa amekwenda kurudisha nguo za watu. Aliporudi alikuta foleni mlangoni kwake, na mwanaume asiyemjua amepiga magoti kitandani, kaegemea mguu wa mumewe kwa kiwiko, anaandika. Mumewe ametazama dari. Mke alingoja yule mtu amalize, akamshukuru kwa kuja, akafunga mlango.

"Ungewakataza," akamwambia mumewe.

"Wanaponiandika wananiuliza naendeleaje. Kabla ya hapo hakuna aliyeniuliza."

Mke alichukua brashi ya kufulia. Hajakutana na doa lililomshinda tangu aanze kazi hiyo, lakini Bibi akamrukia akamshika mkono, akamuuliza kama anataka kufuta maombi ya watu. Halafu mke akakumbuka mwenyewe kwamba plasta haitakiwi kuguswa na maji. Akairudisha brashi ndani ya beseni, akaendelea na mashati ya wengine.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Masalia yalikuwa juu ya meza, meza juu ya ngazi tatu, yote yameinuliwa hadi usawa wa kifua cha mtu mzima aliyesimama. Mwenyekiti ndiye aliyetaka iwe hivyo, ili mpiga picha asipate visogo vya watu. Pembeni alisimama bruda anayesafiri na masalia, amevaa glavu nyeupe. Kila mtu alipobusu kioo, bruda alikipangusa kwa kitambaa, kitambaa kile kile, busu la huyu likaenda kwa yule.

Wanaume wanne wakambeba seremala na kiti chake, wakapanda naye ngazi. Mkewe alizuiwa na kamba pamoja na wanawake wengine. Bibi alipitishwa, kwa kuwa alikuwa na beji. Padre aliketi kwenye kiti chake kirefu akiwa ameinamia viatu vyake. Mambo ya mapokezi alikuwa amewaachia kamati, na alionekana kushukuru kwamba alifanya hivyo.

Kiti kilipowekwa chini, ndipo ilipoonekana. Seremala akiwa ameketi, paji lake la uso lilifika kwenye upindo wa kitambaa cha meza, basi. Kioo kilikuwa juu ya kichwa chake. Katika kamati nzima ya watu kumi na wanne hakuna aliyefikiri kwamba mtu aliyevunjika mguu atakuja amekaa.

Bruda hakushangaa. Alinyoosha mikono akichukue kioo amshushie mgonjwa, kama alivyofanya parokia zote kumi na moja za nyuma. Mwenyekiti akamwahi, akamnong'oneza kwamba hapana, hapo hapo juu, kwa ajili ya picha. Bruda alikuwa na njaa na alikuwa na safari. Akairudisha mikono.

Kwaya ilikuwa imemaliza beti zake na haikuwa na nyingine. Watu mia kadhaa wakamtazama seremala.

"Inuka kidogo," mwenyekiti akamwambia sikioni. "Kwa ule mguu mzima."

Bibi akapitisha mikono chini ya kwapa za mwanawe. Seremala alimtafuta mkewe kwa macho nyuma ya kamba, hakumpata. Aliona nyuso tu, zimefunguka midomo. Akajikaza, akainuka kwa mguu wa kulia, akashika ukingo wa meza, akafikisha midomo kwenye kioo. Na hapo angeweza kurudi kukaa. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshapiga ishara kwa kidole, na mmoja wa wabebaji akakiondoa kiti, ili katika picha mtu aonekane amesimama kweli.

Seremala alirudi nyuma kutafuta kiti. Akakanyaga.

Mkewe aliuona uso wa mumewe ukigeuka kabla hajasikia kitu. Kisha ukelele wa seremala ukatoka, na wa mbele wakadhani ni furaha, wakapiga vigelegele, na wa nyuma wakapiga vigelegele kwa sababu wa mbele wamepiga. Kwaya ikapata ubeti. Seremala alikaa wima kwa muda wa nusu ya sala ya Salamu Maria, mikono ya mama yake ikimbana, kisha akawaangukia wabebaji. Watu walivunja kamba wakamfuata. Walimgusa kichwa, wakamgusa plasta, wakachana shati lake vipande vidogo vya kwenda navyo nyumbani. Mkewe alipomfikia, alikuwa amebaki na mkono mmoja wa shati na vifungo viwili. Shati hilo alilifua yeye, alilipiga pasi yeye.

Bruda alikuwa anapangusa kioo. "Mpeleke hospitali, dada," alimwambia bila kuinua macho, na kwa sauti ambayo mwenyekiti asingeisikia.

*

Hawakumpeleka siku hiyo. Kutoka kanisani alirudishwa nyumbani kwa maandamano, na jioni nzima watu walipita mlangoni kumwona. Jumatatu asubuhi vidole vya mguu vilikuwa vimevimba na kung'aa. Mkewe alibonyeza ukucha wa kidole gumba, akauachia, akangoja damu irudi kama daktari alivyomfundisha. Ilichelewa sana kurudi. Akasema wanakwenda hospitali sasa hivi.

Mwenyekiti alikuwa amefika mapema kuliko yeye alivyotarajia. Alikuwa na habari kwamba wakubwa wa jimbo watakuja kumwona seremala kesho, na akaomba wasiende popote kabla ya hapo. Kwenda hospitali leo, alisema, ni kama kumrudisha mtakatifu dukani, kusema bidhaa ni mbovu. Bibi akakaa kizingitini, miguu imenyooshwa, anasali. Mke akamtazama mumewe.

"Tusubiri," mumewe akasema. "Kesho si mbali."

Jumanne mpaka saa nne hakuna mkubwa wa jimbo aliyeonekana. Vidole vilikuwa vya buluu, na seremala alisema havimpi tena habari yoyote, wala maumivu. Mke akaenda kwa muuza mkaa kuazima mkokoteni. Muuza mkaa alikuwa na wateja watano wanaomsikiliza. Alimvuta pembeni akamwambia gurudumu limeharibika, jirani, na kwamba hata lingekuwa zima, haipendezi mtu aliyesimama aonekane anapelekwa hospitali na mkokoteni wake. Gurudumu lilikuwa pale pale mbele yao, zima.

Akatafuta mchukuzi sokoni. Bibi, bado kizingitini, alipoona mkwewe amemshika mwanawe kiunoni hakubishana. Alisogeza miguu, akawafuata kwa nyuma. Njiani seremala alikuwa amelala kwenye mkokoteni wa mchukuzi, uso umefunikwa na kanga ya mkewe kwa sababu ya watu wanaosalimia.

"Ulisimama kwa nini?" mkewe akamuuliza.

Seremala akaivuta kanga ikamfunika mpaka shingoni.

"Niliona aibu," akasema chini ya kanga. "Walikuwa wananitazama wote."

*

Daktari aliikata plasta. Chumba kilipojaa harufu alifungua dirisha. Alisoma maombi mawili matatu, akasimama kidogo kwenye lile la mwenye nyumba, kisha akaitupa yote kwenye pipa, kazi ya serikali, mvua, waume na kiharusi. Aliuliza nani alimwambia huyu mtu akanyage. Bibi aliangalia ukuta. Daktari hakuuliza mara ya pili. Alisema mfupa umehama umebana mshipa, damu haishuki tangu juzi. Wangemleta Jumapili angesema maneno mengine.

Wakamkata chini ya goti Jumatano asubuhi.

Saa tano mwenyekiti alitokea kwenye veranda ya hospitali, suti imepigwa pasi, bahasha mkononi. Mke wa seremala alikuwa kwenye benchi. Miguuni pake palikuwa na kifurushi kirefu, kimeviringishwa shuka la hospitali na kufungwa kwa utepe. Muuguzi alikuwa amempa na kumwambia akitoe kabla ya mchana, kila familia huzika cha kwake. Bibi alikaa mwisho wa benchi, rozari imelala mapajani na vidole havisogei.

Mwenyekiti alisema pole, tena kwa kirefu. Kisha akatoa karatasi.

"Hatusemi amepona, shemeji," akasema. "Hapo tungekuwa waongo. Tunasema alisimama. Si alisimama?"

"Alisimama."

"Basi. Jimbo linataka ushuhuda wa familia. Jina hapo, na sahihi. Au kidole gumba, hakuna neno."

Aliichukua karatasi akaisoma yote, akifuata mistari kwa kidole, kila neno. Mbele ya mashahidi zaidi ya mia tatu. Bila msaada wa mtu. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua kalamu, ameishika hewani mbele yake.

"Nitaandika jina langu," akasema. "Ila na mimi nina ombi."

Mwenyekiti akasema kamati ipo kwa ajili hiyo.

"Tunapokaa ni pa kupanga, uwanja wote ni saruji. Sina pa kuchimba." Akagusa kifurushi kwa mguu, polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha. "Pale kanisani mlipanda maua kwa ajili ya mgeni. Naomba hapo. Urefu wa mkono tu, mzee wangu. Ni mfupa. Nyinyi mnajua kupokea mfupa."

Bibi aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alimtazama mwenyekiti moja kwa moja, akangoja pamoja na mkwewe.

Mwenyekiti aliifunga kalamu. Akaifungua. Alitazama kifurushi, kisha akatazama saa yake.